Juzuu ya kumi iliyomshinda kaka yangu: uzoefu wangu na Crossroads of Twilight

Kitabu hiki kiliingia nyumbani kwetu Tanga mwaka 2003, ndani ya begi la kaka yangu aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuoni Uingereza. Juzuu tisa zilizotangulia alikuwa amezisoma mpaka migongo ya vitabu ikapasuka. Hii ya kumi aliisoma sebuleni siku tatu, akafika katikati, akaweka kipande cha gazeti pale alipoishia na kuipandisha juu ya kabati la vyombo. Nilikuwa darasa la sita. Nikamuuliza, "Kaka, mbona humalizii?" Akanijibu, "Watu wanakaa tu, mdogo wangu. Wanakaa, wanakunywa chai, wanaoga, wanakaa tena."

Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyeandaa chakula, akasubiri mgeni mpaka usiku, mgeni asitokee. Kipande kile cha gazeti nilikikuta palepale mwaka jana, nilipoamua kuusoma mfululizo mzima wa The Wheel of Time kuanzia juzuu ya kwanza.

Kwa asiyeufahamu: ni fantasia ya juzuu 14, ukiacha kitabu kimoja kinachosimulia yaliyotangulia. Mwandishi wake ni Robert Jordan, jina lake halisi James Oliver Rigney, mzaliwa wa Charleston, South Carolina, aliyewahi kupigana Vietnam. Juzuu ya kwanza ilitoka 1990, ya mwisho 2013, na wahusika waliotajwa kwa majina wanapita 2,000. Crossroads of Twilight, ambayo mimi ningeiita Njia Panda ya Utusitusi, ilitoka Januari 2003, ikashika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya mauzo ya New York Times, na tangu hapo ndiyo juzuu inayolaumiwa kuliko zote. Kile kipande cha katikati ya mfululizo, kuanzia kama juzuu ya nane hivi, mimi na marafiki ninaosoma nao tunakiita topeni, na wote tunakubaliana kwamba hapa ndipo tope linapofika kiunoni. Nitataja yanayotokea humo, kwa hiyo kama hujafika, ishia hapa.

Kwanza niseme kwa nini lawama zina haki. Juzuu ya tisa inaishia kwa tukio kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Rand al'Thor, mhusika mkuu, akisaidiwa na Nynaeve, anaisafisha saidin, ile nusu ya Nguvu (uchawi wa dunia hii ya hadithi) inayotumiwa na wanaume, ambayo ilikuwa na sumu kwa zaidi ya miaka elfu tatu na kuwatia wazimu wote walioigusa. Unafunga kitabu moyo unakwenda mbio. Hiyo ilikuwa Novemba 2000. Wasomaji wa wakati ule wakasubiri miaka miwili na miezi miwili, wakafungua juzuu ya kumi, na Jordan akawarudisha nyuma. Mat yuko njiani anatoroka, Perrin anamtafuta mkewe, Elayne yuko Caemlyn, Egwene ameuzingira mji wa Tar Valon, na kila mmoja anasimuliwa polepole mpaka afikie siku ileile ya kusafishwa kwa saidin, ambapo wenye kuitumia Nguvu wanahisi kitu kikubwa mno kinawaka mbali na hawajui ni nini. Sisi tunajua. Tumeshatoka huko.

Wengi wetu tulikulia kwenye hadithi za magazetini, zile zilizokatwa pale msichana anapofungua mlango, halafu chini yake neno moja: itaendelea. Fikiria wiki inayofuata umenunua gazeti, na mwandishi anaanza na jirani wa kwanza, alikuwa anafanya nini aliposikia yowe. Kisha jirani wa pili. Kisha wa tatu, tena huyu ana wageni. Rand mwenyewe, ambaye ndiye mlango wa hadithi yote, anapewa sura moja tu kati ya thelathini, ya ishirini na nne, na ndani yake amechoka na anatuma watu wakatafute suluhu na Waseanchan, wavamizi waliotoka ng'ambo ya bahari. Mtu aliyesubiri miaka miwili kwa ajili hiyo, simlaumu akikipandisha kabatini.

Lakini mimi sikusubiri. Juzuu ya kumi na moja ilikuwa kwenye begi langu wakati nasoma ya kumi, na nadhani hiyo ndiyo siri ya wasomaji kutoelewana juu ya kitabu hiki. Waliokisoma kilipotoka walikaa nacho peke yake mpaka Oktoba 2005, na ndani ya muda huo walipewa kile kitabu cha yaliyotangulia, ambacho hakikusogeza hadithi hata hatua moja. Sisi tuliokuja baadaye tunakipita kama mtu apitavyo barabara ya vumbi huku anaiona lami kwa mbele. Rafiki yangu mmoja anakiona cha kawaida kabisa na haelewi kelele za nini. Mwingine alianza mfululizo zamani, na mpaka leo ukimtajia kitabu hiki sauti inabadilika. Wote wawili nawaamini.

Sasa uzoefu wangu mwenyewe, na nitaanza na palipo pabaya. Sura za Caemlyn zilinishinda. Elayne anatafuta kiti cha enzi cha mama yake, mji umezingirwa, ana mimba, na haya yote yangetosha kwa hadithi nzuri. Badala yake tunapewa mikutano, majina ya koo, watu wa bahari wanaodai malipo, na maelezo marefu ya nguo na bafu. Nilifungua daftari kwa ajili ya majina na nililiacha. Mwisho nikageukia toleo la kusikiliza, lile lililosomwa na Kate Reading na Michael Kramer, na sura hizo nikazimaliza kwenye foleni kati ya Mbezi na Posta. Zilivumilika. Kitabu chenyewe cha jalada gumu kina karibu kurasa 700 na mkono unachoka kukishika kwenye daladala, kwa hiyo ushauri huu uchukue kama ulivyo. Sura za Egwene nazo zina wazee wa Baraza wengi mno kiasi kwamba hawatofautiki, ingawa mjadala wao kuhusu kushirikiana na wanaume wa Mnara Mweusi, wale wanaoitumia saidin, ni wa maana, hasa ukikumbuka kwamba wao hawajui bado kwamba sumu imeondoka. Pale nilihisi ule mpango wa Jordan ukifanya kazi: watu wazima, wenye elimu, wanabishana kwa uchungu juu ya hatari ambayo haipo tena.

Na sasa So Habor. Ningependa kila aliyekitupa kitabu hiki akirudie kwa ajili ya mji huu peke yake.

Faile, mke wa Perrin, ametekwa na Washaido, kabila la wapiganaji. Perrin ana jeshi la kumfuatilia na jeshi halina chakula. Wanafika So Habor kununua nafaka. Mji uko kimya. Watu hawajaoga, hawajafua, macho hayatulii. Kidogo kidogo tunaelewa kwamba wafu wanaonekana wakitembea mitaani, na walio hai wamekata tamaa ya kila kitu mpaka usafi wa miili yao. Perrin anafungua ghala, na nafaka imejaa fukusi.

Mimi nimepepeta mahindi ya namna hiyo. Nyumbani kulikuwa na mwaka ambao gunia tulilotegemea liliingiwa, na mama akatukalisha uani na nyungo tangu asubuhi, punje zenye matundu zikitoa ule unga wa kijivu unaoingia puani. Hakuna aliyetupa gunia. Unachagua, unapepeta, unakula. Jordan anaandika hivyohivyo: Perrin hana njia ya kununua kwingine, kwa hiyo nafaka inapepetwa, inafungwa tena, inalipiwa. Hakuna upanga hata mmoja katika sura ile. Ila nilikisoma usiku nikiwa peke yangu na niliinuka kwenda kuhakikisha mlango umefungwa. Uovu unaokula dunia ya hadithi hii kwa juzuu tisa ulikuwa majeshi na mazimwi. Hapa umekuwa fukusi ghalani, na niliuogopa zaidi.

Sura inayofuata ndiyo nzito kuliko zote. Perrin, ambaye tangu juzuu ya kwanza ni mtu mpole anayeogopa nguvu ya mikono yake, anamkata mkono mateka ili wengine waseme Faile alipo. Kisha anaitupa shoka yake, inakwama kwenye mti, naye anaondoka bila kuichukua. Ile shoka tumeibeba pamoja naye kwa maelfu ya kurasa, huku akijiuliza achague hiyo au nyundo ya mhunzi. Tendo hili lisingeniumiza hivi kama nisingepitishwa kwenye siku zote zile za kumtafuta Faile bila kupata chochote. Uzito wake umetokana na ule mwendo wa pole ambao watu wanaulalamikia. Hapo ndipo nilipoacha kuuita upungufu kila mahali ninapoukuta.

Mat yuko mwanzoni na tena karibu na mwisho, akisafiri na sarakasi ya Valan Luca pamoja na Tuon, mwanamke ambaye Mat amemteka na ambaye utabiri unasema Mat atamuoa. Sarakasi inatambaa kama konokono, ila wawili hawa wakiongea sitaki sura iishe. Kuna maua ya waridi ya hariri anayomnunulia, na jinsi Tuon anavyoyapokea inakufundisha mengi juu yake. Sura ya mwisho, kabla ya hitimisho fupi, ni ya Egwene bandarini usiku, anaugeuza mnyororo wa bandari kuwa kitu kisichovunjika, na anakamatwa. Ukurasa wa mwisho wa sura hiyo nilisimama wima. Kumbe kilikuwa na mbio. Kiliziweka zote mlangoni pa kutokea.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Mbili za So Habor na shoka, moja ya Mat. Zile mbili nilizozizuia ni za Caemlyn, na za wale waliokingoja.

Jambo moja linaniuma zaidi ya udhaifu wowote wa kitabu. Juzuu ya kumi na moja, Knife of Dreams, ndiyo ya mwisho aliyoimaliza Jordan mwenyewe. Mambo ya Perrin, Mat na Elayne yaliyokuwa yamekwama yanafunguka humo moja baada ya jingine, kwa kasi ambayo wengi walidhani ameshaipoteza. Mwaka uliofuata alitangaza kwamba ana ugonjwa wa amiloidosisi, na Septemba 2007 alifariki, akiwa na miaka 58. Mkewe, Harriet McDougal, aliyekuwa mhariri wake, alimchagua Brandon Sanderson kumalizia juzuu tatu zilizobaki kwa maandishi na maelezo aliyoyaacha. Kaka yangu hakujua lolote kati ya haya. Aliishia kwenye bafu la Elayne, sura zaidi ya kumi kabla ya So Habor, na kwa miaka ishirini aliamini kwamba mwandishi aliyempenda ujanani alikuwa ameishiwa.

Nilipokwenda Tanga mwezi wa nane nilimpelekea vitabu vyote viwili. Nilikihamisha kile kipande cha gazeti nikakiweka mwanzo wa sura ya ishirini na tano, nikamwambia, "Kaka, anzia hapa, yale mengine nitakusimulia." Alinitazama muda, akaenda nacho barazani. Wakati wa kula usiku alimuuliza mama kama anakumbuka lile gunia la fukusi.

Sasa yuko kwenye ya kumi na moja. Juzi nilimuuliza kwenye simu amefika wapi, akaniambia sura ya tano. Anasoma sura moja kila usiku na haongezi, kwa sababu baada ya hiki hakuna kingine ambacho Jordan alikimaliza kwa mkono wake.