Tuisheni ya jioni Nyakato, kwa sisi tunaorisiti fizikia na kemia

Naendesha bodaboda hapa Mwanza, na Novemba narudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fizikia nilipata F. Mwezi wa pili huu nasoma tuisheni huku Nyakato, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, shilingi 30,000 kwa mwezi. Nawaandikia wenzangu mnaotafuta pa kusoma.

Fizikia ya pale ni nzuri sana. Mwalimu hakuruhusu ushike kanuni kabla hujasema kwa mdomo nishati ilikuwa wapi mwanzo na imeishia wapi. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha akauliza: pikipiki, wewe na abiria, jumla kilo ngapi? Nikakadiria 250. Akaandika mwendo wa kilomita 36 kwa saa, akataka kwanza tuugeuze uwe mita 10 kwa sekunde. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea miaka yote, naingiza kilomita kwenye kanuni hivyo hivyo. Nusu mara 250 mara 10 mara 10: nishati mwendo, yaani nishati ya kitu kinachokwenda, ni jouli 12,500 (jouli ni kipimo cha nishati). Breki ikikaza kwa kani, yaani nguvu ya kuzuia, ya nyutoni 1,250, unagawanya 12,500 kwa 1,250: chombo kinasimama baada ya mita 10.

Kisha akapandisha mwendo hadi kilomita 72. Nikajibu haraka, mita 20. Kumbe ni 40, maana kasi inazidishwa kwa yenyewe. Nilikaa nikaiwaza barabara ya Musoma, ninavyoikimbiza na mama kapakata mtoto nyuma yangu. Siku hizi sifiki 72 nikiwa na abiria.

Kemia bado. Mwalimu ni mwingine, anasoma notisi, sisi tunanakili. Kipindi kimoja tu kilininogea: alipasha gramu 100 za maji kwa taa ya spiriti, joto likapanda nyuzi 20, tukapata jouli 8,400. Tulipopima spiriti iliyoungua, kila gramu ilikuwa imetoa joto dogo kuliko la kitabuni. Akatugusisha kopo, lilikuwa la moto, akasema lililobaki limekwenda humo na hewani. Angefundisha hivyo kila wiki ningemsifu bila kusita.

Anayelenga fizikia aende. Wa kemia peke yake aulize kwanza kama majaribio yataongezwa. Mabenchi ni machache, ukifika saa 12 kamili unasimama nyuma. Mimi saa 11 na nusu nimeshaegesha.