Kapsuli ya kamera: nzuri kwa damu iliyojificha, si kwa kiungulia

Kama shida yako ni kiungulia au vidonda vya tumbo, usilipie kapsuli ya kamera, yaani kidonge chenye kamera unachomeza ili kipige picha ndani ya tumbo. Tumboni ni papana, kidude chenyewe hakina usukani, na kikigeukia upande mwingine kidonda hakionekani. Uwanja wake hasa ni utumbo mwembamba, mita sita hivi ambazo mrija wa kawaida wa endoskopi (wenye kamera nchani) haufiki kote, uingizwe juu au chini. Hb (kiwango cha damu) inashuka, choo kina damu, na mrija haukuona kitu? Hapo ndipo inapostahili pesa.

PillCam SB3, mojawapo ya kapsuli hizi, ina urefu wa milimita 26 na upana wa 11. Hupiga picha 2 hadi 6 kwa sekunde, kadiri inavyokwenda kasi, na kuzirusha kwa kipokezi ulichofunga kiunoni. Kipokezi kina taa inayopepesa. Ikizimika, pigia kliniki simu papo hapo. Picha ni makumi ya maelfu, kwa hiyo majibu yanayotoka nusu saa baada ya kurudisha kipokezi yatilie shaka.

Picha nyingi huharibikia nyumbani. Vidonge vya madini ya chuma viache wiki moja kabla, maana huacha weusi unaofunika ukuta wa utumbo. Siku ya kutangulia, baada ya chakula cha mchana ni maji na turungi tu: maziwa hapana, uji hapana. Jioni unywe lita 2 za dawa ya kuharisha. Kipande cha sukuma kikiganda mbele ya lenzi, video yote huwa kijani. Ukishameza, subiri saa 2 ndipo unywe maji, na saa 4 ndipo ule chakula chepesi.

Hatari kubwa ni kukwama. Aliyewahi kuugua TB ya utumbo, mwenye Crohn's (uvimbe sugu wa utumbo), au aliyekula dawa ya maumivu ya diclofenac miaka na miaka, aombe kwanza kapsuli ya majaribio inayoyeyuka. Usiingie MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku) kabla kapsuli ya kamera haijatoka. Siku 14 zikipita bila kuiona chooni, kapige eksirei.

Kapsuli haikati kinyama wala haizibi damu. Ikionyesha minyoo ya safura wameng'ang'ania ukutani, dawa ni rahisi, lakini uvimbe utakurudisha kwenye mrija. Hapa Nairobi uliza kama bei inajumuisha kapsuli, dawa ya kuharisha na usomaji wa picha, na idhini ya bima uipate kwa maandishi kabla ya kumeza.