Uzoefu wangu: barabara ya M1 ya Malawi, Songwe hadi Marka

M1 inaanzia Songwe, mpakani na Tanzania, na kuishia Marka, mpakani na Msumbiji: zaidi ya kilomita 1,100. Naipenda sana, ila ni barabara ya mchana. Usiku baiskeli zisizo na taa na mbuzi huonekana umeshafika.

Songwe hadi Karonga ni tambarare, hakuna la kusumbua. Kazi iko Chiweta, pale barabara inapoacha Ziwa Nyasa na kupanda ghafla kuelekea Phwezi. Kwa lori lenye mzigo, hatari ni wakati wa kurudi kaskazini, unaposhuka. Simama juu, sikiliza kama upepo wa breki unavuja, kisha ingiza gia nzito (namba ya chini) kabla ya kona ya kwanza. Anayechelewa hubaki kukanyaga breki mfululizo: ngoma za breki zinachemka, breki zinakosa mshiko, upepo unaisha tangini. Kuweka frii (kutoa gia) ili kuokoa dizeli hapo ni kutafuta kifo.

Kusini mwa Mzuzu, msitu wa Chikangawa una ukungu na malori ya magogo. Mahali kingo za lami zimeliwa, tairi la kushoto likishuka nje usikate usukani kulirudisha. Ubavu wa tairi huchanika, au gari likarukia upande wa pili. Ondoa mguu kwenye mafuta, mwendo ukipungua ndipo urudi taratibu kwenye lami. Asiyetaka milima hii ateremkie Nkhata Bay, afuate M5 kando ya ziwa.

Mzuzu hadi Lilongwe ni kama kilomita 350, na mafuta Malawi huadimika nchi inapokosa fedha za kigeni. Jaza tangi upande wa Tanzania, na ukikuta kituo chenye mafuta jaza tena hata kama umebaki na nusu.

Kipande ninachokipenda zaidi ni Dedza hadi Ntcheu: baridi, milima mizuri, na mahali pengine upande mmoja wa barabara ni Msumbiji. Punguza mwendo, watu wanavuka kwenda madukani.

Baada ya Blantyre unateremka tena hadi bonde la Shire, Chikwawa, kwenye joto kali. Masharti ya Chiweta yanafanya kazi na hapa. Mafuriko ya kimbunga Freddy, Machi 2023, yalikata mawasiliano ya barabara na Nsanje, wilaya ya mwisho kusini, kwa hiyo wakati wa mvua ulizia hali ya barabara ukiwa bado Blantyre.