TAHADHARI: mzee wa Tegeta anayeuza mashine za kukatia nyasi

Ndugu zangu wa Dar, mkipelekwa kwa mzee mmoja wa Tegeta anayeuza mashine za nyasi zilizotumika, geuzeni. Jumamosi amenipiga laki tatu na nusu huku ananiita mwanangu.

Nilifika saa tatu asubuhi. Mashine iko barazani, imefutwa inang'aa. Nikagusa injini, vuguvugu. "Nimetoka kunyoa kwa jirani sasa hivi," akasema. Akavuta kamba mara moja tu, ikawaka. Moshi wa bluu ukatoka, akasema oili imezidi kidogo. Akaizima, akanipa kamba: "Vuta mwenyewe uone." Nikavuta, nzito, inanirudisha mkono. Nikasema kompresheni ipo, yaani injini bado inabana upepo vizuri. Na yule ni mtu mzima, kanzu safi, mkewe kaniletea chai, tukakuta sote ni wa Pangani. Nimemwamkia shikamoo, halafu nianze kumfungulia plagi mbele ya mkewe? Nikahesabu hela.

Jumatatu nikaipeleka kwenye kazi ya kunyoa nyasi nyumba moja ya Mbezi. Haikumaliza nusu saa, ikazima. Navuta kamba, inakuja laini kama uzi wa cherehani. Mama mwenye nyumba kasimama mlangoni ananitazama, uwanja umenyolewa upande mmoja. Niliondoka bila kudai hata nauli.

Fundi alimwaga oili, ikatoka nzito kama asali: imechanganywa na oili ya gia, wakati injini ile inataka oili ya injini ya SAE 30. Akatia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, kamba ikawa nzito tena, kisha ikalegea. "Ringi za pistoni, zinazozuia upepo usivuje, zimekwisha. Na yule mzee alikufanyia hivihivi kabla hujafika." Kufungua, silinda ina michirizi, ukipitisha kucha inakwama.

Nimempigia, anasema nilinunua ilivyo. Sasa hapokei. Huyu ni mwizi, kanzu isimfiche! Apelekwe kituoni, arudishe hela yangu na ya wote aliowaliza, maana fundi anasema mimi ni wa tatu mwaka huu.

Mkienda kununua popote, ikutwe ya baridi. Ikiwa vuguvugu subirini ipoe, chomoeni plagi muone kama imelowa oili, na moshi wa bluu msikubali maelezo. Geji ya kupimia kompresheni nayo isiwachanganye, injini nyingi ndogo huachia upepo wakati wa kuwashwa, ikasoma chini hata iliyo nzima. Nendeni na fundi.

Kama naye amekuliza, njoo inbox, Alhamisi naenda polisi na risiti yake ya mkono.