Kamera inayolala mgeni akifika

Naandika haya nikiwa na hasira, mnivumilie. Kamera yangu inalala. Sisemi imekufa, wala sisemi ni mbovu. Inalala kwa utaratibu, kama mlinzi wa zamu ya usiku, na ikishalala inavuta ile pua yake ndefu ndani, inajifunika, imemaliza. Ukiiamsha haikumbuki kitu. Uliikuza mpaka wapi, imesahau. Fokasi, yaani ule umbali ambapo picha inatoka safi, uliyoiweka kwa mkono, taratibu, umebana pumzi, imesahau. Na ndege uliyekuwa unamngoja amekuja, amekunywa, amekwenda zake.

Nimtaje ndege kwanza, maana bila yeye hasira yangu itaonekana ya mtoto. Naishi Houston, Texas. Kuanzia mwishoni mwa Agosti na Septemba yote wanapita hapa ndege wavumaji, hamingibadi, wakielekea kusini. Wengi ni wale ambao dume lao lina koo jekundu. Kwa kawaida ana gramu 3 hivi. Sarafu ya senti moja ya huku ina gramu 2.5, kwa hiyo ukiweka sarafu mbili kiganjani umeshamzidi uzito. Kiumbe cha namna hiyo kinakula kwa fujo siku kadhaa mpaka kinafura, halafu wengine wao wanaikata Ghuba ya Meksiko kwa mkupuo mmoja, kilomita 800 za maji matupu, hakuna tawi. Mji wa Rockport, chini kidogo kwenye pwani hii hii, huwafanyia sherehe kila Septemba. Jirani yangu, mzee wa Kimeksiko, anawaita chuparrosa, yaani mnyonya waridi, na akiwaona anavua kofia. Sijui kama anatania.

Afrika hawapo. Nalisema hili kwa sababu nimechoka kuona watu wa nyumbani wanapiga picha ya ndege aitwaye chozi kwenye ua la mgomba halafu wanaandika hamingibadi. Yule ni chozi, ana jina lake, mwacheni nalo. Mimi ni mtoto wa Lushoto, chozi nawajua. Tuliwategea ulimbo tukiwa wadogo, Mungu atusamehe. Chozi mara nyingi hutua kwanza. Anashika kikonyo, anainama, ananyonya. Huyu wa huku anasimama hewani. Bawa linapiga mara 50 hivi kwa sekunde moja, unasikia mvumo kabla hujamwona, na akishakunywa anatoka kinyumenyume kama gari kwenye uchochoro.

Hilo la kinyumenyume ndilo lililonigharimu. Nilimsimulia Mama kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha: "Ndege arudi nyuma? Baba, huko mnakula nini?" Nikamwapia. Akasema, "Haya, nitumie picha." Nikajaribu kwa simu. Ukiipanua ile picha unaona nukta nyeusi na ile chupa ya maji ya sukari ninayowatundikia. Mama akajibu kwa sauti, nusu anacheka: "Nimemwona inzi. Ndege yuko wapi?"

Ndipo nikaenda dukani. Kijana wa kaunta nilimweleza shida yangu yote, na chupa, na Mama, na inzi. Akanionyesha hii: ndogo, sensa yake, kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, kama ukucha wa kidole cha mwisho, lakini lenzi inarefuka mpaka unaona aibu. Akasema maneno haya haya, nayakumbuka: "Kwa ndege, hii ndiyo yenyewe." Shikeni hayo maneno, nitayarudia. Jina la kamera sitaji, la duka sitaji. Ubora wake wa kwenye karatasi mtausoma wenyewe, karatasi haijawahi kukosea.

Wiki ya kwanza nilipiga picha za uzio. Uzio wa jirani nimeupata vizuri sana, kila msumari, mbao zinaonekana zilivyochanika. Mbele ya uzio kuna ukungu wa kijani, huo ndio ndege. Unamlenga, kamera inakwenda mbele, inarudi, inakwenda, inatafuta kama babu aliyepoteza miwani, mwisho inaamua kwamba uzio ndio mgeni rasmi. Nikabonyeza kila kitufe. Nikawasha ile shata ya kimyakimya, ya kupiga picha bila mlio, nisimtishe. Mabawa yakatoka yamepinda kama ndizi, kwa sababu sensa inasoma picha mstari kwa mstari, na mstari wa mwisho unapofikiwa bawa limeshahama.

Hapo nilikubali kosa ni langu. Sikuwa najua. Nikakaa chini na kujifunza, na ninachowapa hapa nimekilipia kwa usingizi, maana nafanya kazi ghalani usiku na hawa ndege wanakunywa asubuhi. Usimfukuze ndege kwa lenzi. Chupa haisogei, mdomo wa chupa hausogei, basi fokasi iweke kwa mkono hapo hapo, halafu irudishe nyuma kidogo tu, pale anaposimama kabla ya kuchomeka mdomo. Usikuze mpaka mwisho. Kuza nusu, maana huyu akihama inchi nne amekutoka kwenye kioo. Jua liwe mgongoni kwako. Lile koo jekundu si rangi ya kupakwa, ni mwanga unavyochezwa na manyoya, na jua likiwa upande mbaya dume lako litatoka na koo jeusi kama masizi. (Mwezi wa Septemba madume wakubwa wengi wameshapita, wanaobaki ni majike na watoto, koo jeupe. Usilaumu kamera kwa hilo. Mimi nililaumu.)

Shata nilianza na 1/2000, yaani picha inanaswa kwa sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde. Kichwa kinatulia, jicho linatulia, bawa bado linacheza, kwa sababu hata katika muda huo bawa limeshapita sehemu moja ya arobaini ya mzunguko wake. Ukiongeza mwendo mwanga unapungua, kamera inafidia kwa kupandisha ISO, yaani inaung'arisha kwa nguvu ule mwanga mdogo, na kwa sensa ya ukubwa wa ukucha picha inajaa chenga kama televisheni ya zamani antena ikiangushwa na upepo. Nikakaa kwenye 1/2000. Bawa likicheza acha licheze, ndege anaruka, si sanamu. Na nikiwa mkweli, hii sensa ndogo ina fadhila yake moja: eneo linalotoka safi ni pana, ndege akisogea kidogo mbele au nyuma bado unampata. Wenye makamera makubwa wanapata jicho, mkia umepotea.

Sasa ona. Nimepata mahali pa kukaa, nimepata fokasi, jua liko mgongoni, chai ipo. Ndege anakuja baada ya dakika 10, wakati mwingine 15. Na kamera inalala baada ya 5.

Nilifungua menyu. Ipo dakika 1, ipo 3, ipo 5. Hakuna "usilale". Nilitafuta kurasa zote, nikasoma kile kitabu kidogo, nikasoma hata upande wa Kihispania nisioujua, nikitumaini labda Wahispania wamependelewa. Hakuna. Mtu aliyetengeneza mtambo wa kuvutia mnyama wa mbali karibu hakuwahi kumngoja mnyama.

Siku iliyonivunja, dume alikuja. La kweli, koo linawaka kama kaa la mkaa, saa moja na kitu asubuhi, jua limemkuta sawasawa. Alisimama mbele ya chupa akanigeukia. Akanigeukia! Nikabonyeza. Kimya. Kioo cheusi. Nikaona pua ya kamera inatoka polepole, zzzz, inajinyoosha, kama mtu aliyeamshwa daku. Ilipomaliza kujinyoosha ilikuwa inatazama uwanja mzima, chupa iko mbali kama iko kwa jirani, na dume limebaki mvumo tu.

Nilikwenda dukani siku hiyo hiyo bila kulala. Kijana yule yule. Nikamweleza. Hakuishika hata kamera, alikuwa na simu mkononi, akaangalia simu, akaniangalia viatu vya ghalani, akasema, "Haina kosa hiyo, inaokoa betri." Nikamwambia betri ninazo mbili, naomba iache kuniokolea. Akamgeukia mwenzake akacheka, kisha akaniambia: "Wanaopiga ndege wananunua kamera za ndege, bwana."

Wiki chache nyuma ndiyo ilikuwa yenyewe!

Sikupiga kelele. Ningependa kuandika kwamba nilimjibu, lakini huwa napata majibu mazuri nikiwa kwenye maegesho. Muda wa kurudisha ulikuwa umepita, aliniambia bila kutazama risiti, na alikuwa sahihi, jambo lililoniuma zaidi. Njiani nilijikuta namchukia mvumaji mwenyewe. Nikaona hata sukari yangu naiharibu: kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji, sitii rangi wala asali, naosha chupa kila baada ya siku mbili kwa joto hili ili isichache, sisimizi nawawekea kikombe cha maji juu wasishuke. Namhudumia kama mkwe, yeye anasubiri kamera ilale.

Basi ningeishia hapo ningesema msinunue. Na bado nusu yangu inasema msinunue.

Lakini niliamua kupambana na usingizi. Ukigusa kitufe cha shata nusu, kamera inaanza kuhesabu upya. Nikatega simu initetemeshe kila dakika 4. Inatetemeka, nagusa. Inatetemeka, nagusa. Mke wangu akatoka na kikombe chake, akanitazama muda mrefu. "Baba Rehema, hiyo kamera ina homa? Unaipa dozi?" Nikamwambia anyamaze, ndege atakimbia. Akasema ndege hana shida na yeye, ana shida na mimi.

Asubuhi tatu. Picha zaidi ya 400. Nyingi ni chupa peke yake, nyingine mkia, moja ni kidole changu. Moja, moja tu, yupo jike. Amesimama hewani katikati ya chupa na kile kichaka cha maua mekundu yasiyofunguka, ndugu wa choya wetu, wanachokipenda kuliko chupa yangu. Mdomo umeelekea mbele, kwenye ncha ya ulimi kuna tone. Mabawa yamecheza, yamekuwa kama moshi pembeni yake. Jicho lake safi kabisa, na ndani ya jicho, ukilipanua, kuna doa jeupe, jua. Chenga zipo, ndiyo. Sikuzisafisha. Nilikaa na ile picha barazani mpaka chai ikapoa, na kwa muda huo wote ningekupa kamera hii nyota tano na kijana wa kaunta ningempikia pilau.

Mama alipoipokea alipiga simu badala ya kuandika. Hata salamu hakuisubiri, shikamoo yangu ikapita hewani. "Huyu ameninginia wapi? Mbona sioni kamba?" Nikamwambia hakuna kamba, Mama. Akasema, "Sasa huko kurudi nyuma sijakuona." Ameiweka kuwa picha yake ya WhatsApp, na majirani anawaambia ni chozi wa Marekani. Mimi, mwenye kelele zote zile za hapo juu kuhusu jina la chozi, sijamsahihisha.

Kwa hiyo nyota ngapi? Duka limenitumia ujumbe linauliza. Niliweka moja. Nikafuta, nikaweka nne, kwa sababu ya ule ulimi. Halafu Jumapili moja nikasahau kutega simu, dume likaja, nikasikia zzzz ile ile, nikarudi kwenye mbili. Kama una ndege anayetua, kama wewe uko Lushoto na chozi wako amekaa kwenye bua, nunua, haitakusumbua sana, inafika mbali na bei yake si ya kutisha. Kama unamngoja kiumbe anayekunywa akiwa hewani, mwulize muuzaji kitu kimoja tu kabla hujatoa pesa: je, naweza kuizuia isilale? Mwambie akuonyeshe kwenye menyu kwa kidole chake. Akisema "hii ndiyo yenyewe", ondoka.

Wa mwisho nilimwona Oktoba, mnene, anaruka kama mtu aliyebeba mzigo. Tangu hapo chupa inaninginia yenyewe. Nimetoa betri, kamera nimeifunga kwenye kitambaa, ipo kabatini juu ya mablanketi. Ilale sasa.