Kioski cha maji uswahilini: tuanze na bei ya dumu

Ukutani pa kioski imeandikwa bei ya dumu. Unayotakiwa kuijua ni bei ya uniti. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20, kwa hiyo zidisha mara 50. Dumu la kioski la shilingi 50 ni uniti ya 2,500. Jirani mwenye bomba akikutoza 100, umelipa 5,000. Muuza maji wa mkokoteni akikufikishia mlangoni kwa 400, hiyo ni 20,000 kwa uniti. Hakuna mwenye bomba la ndani Dar es Salaam anayeletewa bili ya namna hiyo. Anayenunua kidogo kidogo kwa hela ya siku ndiye anayelipa ghali kuliko wote, na hiyo ni dhuluma hata kama hakuna aliyeipanga.

Kwenye bei, basi, kioski kilichounganishwa na bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kinastahili alama za juu. Kwa mpangaji wa Manzese, Tandale au Vingunguti, hakuna njia nyingine inayokikaribia. Kwenye ubora wa maji pia kinafanya vizuri, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambako husafishwa na kutiwa klorini. Kisima cha mtaani ni habari nyingine. Karibu na pwani maji huwa ya chumvi, sabuni haitoi povu, na penye vyoo vya shimo vilivyobanana hubeba uchafu wa chini kwa chini. Klorini huua vijidudu, haiondoi chumvi wala naitreti, kemikali itokanayo na uchafu wa vyoo. Kuchemsha ndiko kunazidisha, maana maji yanapungua na chumvi inabaki.

Udhaifu mkubwa wa kioski ni tanki. Lita 5,000 zinaonekana nyingi hadi uzipigie hesabu: ni madumu 250. Kaya ya watu watano ikichota madumu matano, lita 20 kwa kila mtu, inapata ya kunywa, kupika na kunawa tu, kufua hakumo. Hata hivyo kaya 50 zimeshalimaliza tanki zima. Siku za kawaida linajaa tena usiku. Siku za mgao halijai. Mitambo yote miwili ya Ruvu inategemea mto mmoja, na mto ulipopungua mwishoni mwa 2022 jiji liliingia kwenye mgao. Wenye matanki makubwa nyumbani walivuta siku kadhaa. Mwenye ndoo mbili hakuwa na akiba ya kuvuta.

Koki nazo zipimwe kwa saa ya simu. Dumu likijaa ndani ya dakika 2 na sekunde 40, koki inatoa lita 7.5 kwa dakika. Viwango vya Sphere vya misaada ya dharura vinaruhusu watu 250 kwa koki ya kasi hiyo. Mtaa wa watu 2,000 wenye koki nne basi una nusu ya unachohitaji, kabla hata koki moja haijaharibika. Kasi ikishuka kadiri tanki linavyopungua, mnara wa tanki ni mfupi. Ikishuka kwenye koki moja tu, angalia mchanga na kutu kwenye chujio lake.

Koki inayodondosha mara nyingi imeliwa washa, kile kipande cha raba cha kuzibia maji. Ni kazi ya dakika chache: funga vali, fungua kichwa cha koki, weka washa mpya, kaza. Isipofanyika, kila tone linakuwa limeshapita kwenye dira ya maji, bili inamfuata mwendeshaji, naye anasogeza bei ya dumu. Foleni nzima inalipia kipande cha raba.

Linalotuuma zaidi ni saa za kufungua. Kioski cha saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni hakimfai mama lishe aliyetoka alfajiri na kurudi usiku. Kwake kioski ni kama hakipo, anabaki na mkokoteni wa shilingi 400. Saa mbili za ziada usiku, zenye taa na mhudumu wa zamu, zingemsaidia kuliko kupunguziwa shilingi kumi kwenye bei.

Halafu kuna dumu lenyewe. Maji safi huharibikia humo: ukijani kwenye kona, kifuniko cha kuazima, mpira wa koki uliokuwa chini ukiingizwa mdomoni mwa dumu. Weka konzi ya kokoto ndogo, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, suuza mara mbili. Nyumbani hifadhi kwenye ndoo ya koki yenye mfuniko, si ya kuchota kwa kikombe. Ukitia kidonge cha klorini, fuata kipimo cha pakiti na subiri nusu saa. Kipindupindu cha 2015 jijini Dar es Salaam kilianzia Kinondoni. Hatua hizi si za kupuuza.

Bei za maji hupitishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Ukiona dumu limepandishwa kienyeji, piga picha ubao wa bei na bili ya kioski kama unaweza kuiona, anzia serikali ya mtaa, kisha DAWASA, na wakikuzungusha peleka EWURA. Kioski kisicho na ubao wa bei hakipati alama kwetu, hata maji yake yawe matamu vipi.