Dodoma hadi Guangzhou: vikokotoo vya umbali wa ndege vinasema kweli nusu

Anayefuata mzigo Guangzhou akiwa Dodoma hutaka kujua kwanza atakaa njiani saa ngapi. Kikokotoo cha mtandaoni humpa kilomita 9,020 na saa 11 hivi. Kilomita ni sahihi. Hizo saa 11 hazipo, kwa sababu hakuna ndege ya moja kwa moja kati ya viwanja hivyo.

Alama za juu tunaipa tovuti ya Great Circle Mapper, maana inakubali safari yenye vituo. Usiandike majina ya miji. Andika vifupisho vya herufi tatu vya viwanja, DOD-DAR-CAN (CAN ni Guangzhou), kisha badili maili ziwe kilomita. Utapata kama 390 hadi Dar na 8,710 kutoka Dar hadi Guangzhou, jumla 9,100. Kupitia Dar kunaongeza kilomita 80 tu, kwani iko huko huko mashariki. Kinachokula muda ni kusubiri.

Kwenye muda ndipo vikokotoo vingi vinapochemka. Hugawa umbali kwa mwendo wa kilomita 800 hadi 900 kwa saa, na baadhi huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa Dar–Guangzhou na Boeing 787, hesabu inakaribia ukweli: saa 10 na nusu hadi 11. Kwa Dodoma–Dar, kisichoongeza ile nusu saa kitakwambia dakika 27! Ndege ya mapangaboi kama ATR 72 hukimbia kilomita 500 hivi kwa saa, na safari fupi karibu yote ni kupanda na kushuka. Weka saa moja na dakika kumi.

Upepo nao vikokotoo haviupigii hesabu. Desemba hadi Februari, upepo mkali wa juu barani Asia huvuma kutoka magharibi. Unaisukuma ndege inayokwenda China na kuikaba inayorudi. Kwa hilo fungua Flightradar24, tovuti inayofuatilia safari za ndege, andika namba ya safari, usome ilitumia muda gani siku chache zilizopita.

Halafu kuna saa za kwenye tiketi, ambazo ni za kila uwanja kwa majira yake. Tuseme unaondoka Dar 11:00, yaani saa tano asubuhi, na kufika 02:30 yenye alama ya +1, saa nane na nusu usiku wa kuamkia kesho yake. Inaonekana saa 15 na nusu; toa 5 ambazo Guangzhou imetangulia, zinabaki 10 na nusu.

Pale Dar, safari nyingi za ndani hutumia Jengo la 2 na za nje Jengo la 3. Mwenye tiketi mbili tofauti huchukua begi, hutoka nje, huhamia Jengo la 3 na kupanga foleni upya, na kaunta nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka. Acha nafasi ya saa nne. Ikiwa ratiba ya Dodoma haikupi hizo nne, panda treni ya SGR ya siku iliyotangulia ulale Dar.